Mfalme Aliyerithi Mjane

Mfalme Henry wa Nane wa Uingereza alirithi mjane wa kaka yake. Jambo hili ukilisema hivyo mbele ya wazee wa kando ya Ziwa Victoria, hakuna atakayeomba ufafanuzi. Watataka kujua mengine: marehemu aliacha mtoto? Mahari ilikuwa imekwisha? Wakwe wanasemaje? Na hayo hasa ndiyo yaliyowakosesha usingizi wakubwa wa Ulaya miaka 500 iliyopita. Arthur, kaka mtu, alifariki Aprili 1502 akiwa na miaka 15, hata nusu mwaka haijatimia tangu harusi. Mjane wake, Catherine wa Aragon, binti wa mfalme na malkia wa Hispania, alikuwa na miaka 16. Kule enzi hizo mali ilitoka kwa baba wa bibi harusi kwenda upande wa mume, na ya Catherine ilikuwa imetolewa nusu tu. Baba mkwe hakutaka kuirudisha nusu hiyo, wala hakutaka kuikosa iliyobaki. Ikaonekana ni heri binti abaki katika ukoo uleule. Papa Julius wa Pili akatoa ruhusa maalumu, na mwaka 1509, wiki chache baada ya kupata ufalme, Henry, kijana wa miaka 17, akamwoa shemeji yake.

Wakaishi. Watoto wakazaliwa, wakafa. Wa kiume aliyezaliwa siku ya Mwaka Mpya 1511 hakumaliza hata miezi miwili. Akabaki binti mmoja, Mary. Kufika 1527 mfalme alikuwa amechoka kungoja mrithi wa kiume, na macho yake yalikuwa yamekwisha kutua kwa Anne Boleyn, mmoja wa mabibi waliomhudumia malkia. Ndipo dhamiri yake ikaamka. Ikafungua Mambo ya Walawi 20:21, mahali panapotamkwa kwamba amtwaaye mke wa ndugu yake hatapata mtoto.

Naomba tutue kidogo kwenye dhamiri hiyo iliyolala miaka 18 na kuamka siku ile ilipofaa. Katika chuo cha theolojia habari hii tulifundishwa kwa orodha ya miaka. 1529, kesi ya ndoa. 1533, ndoa na Anne. 1534, Sheria ya Ukuu, iliyomtangaza mfalme kuwa kichwa cha Kanisa la Uingereza. Tulikariri, tukafanya mtihani, tukaendelea na masomo mengine. Sasa uzeeni nimeirudia habari hiyohiyo kwa njia ambayo sikuwahi kuijaribu, yaani kwa riwaya. Mwalimu mmoja mstaafu wa mtaa wetu aliniwekea mkononi kitabu kinene kiitwacho Wolf Hall, cha Hilary Mantel, akasema, “Baba Kasisi, soma hiki, kisha tuzungumze.” Riwaya za wafalme nilikuwa nimeziona mabegani mwa wauza vitabu vya mitumba, majalada yake yamejaa magauni mapana na vito, nikazihesabu kuwa ni burudani ya watu wenye nafasi. Nilikichukua kwa sababu ya heshima ya mwalimu.

Mantel alizaliwa mwaka 1952 Derbyshire, Uingereza, akalelewa katika familia ya Kikatoliki. Alipokuwa bado kijana aliishi Botswana miaka kadhaa, kwa kuwa mumewe alikuwa mtaalamu wa miamba, kisha wakahamia Saudia. Wolf Hall ilitoka 2009 ikapata Tuzo ya Booker. Kitabu kilichofuata, Bring Up the Bodies, kikaipata tuzo hiyohiyo mwaka 2012, na hakuna mwanamke aliyekuwa ameipata mara mbili kabla yake. Cha tatu, The Mirror and the Light, kilitoka 2020, miaka miwili kabla ya kifo chake. Vyote vitatu vinamfuata mtu mmoja, Thomas Cromwell, mtoto wa mhunzi wa Putney aliyepanda mpaka akawa mshauri mkuu wa mfalme, kisha akakatwa kichwa kwa amri ya mfalme huyohuyo tarehe 28 Julai 1540. Siku ileile Henry alikuwa na harusi nyingine.

Kwa anayetaka kujaribu kitabu cha namna hii kwa mara ya kwanza, nimwambie mapema kwamba kurasa za mwanzo ni ngumu. Kiingereza chake si kile cha magazeti. Mambo yote yanasimuliwa kana kwamba yanatokea sasa hivi, na Cromwell mara nyingi hatajwi jina, anaitwa “yeye” tu, ukabaki kujiuliza ni yeye yupi. Halafu kuna kina Thomas. Cromwell ni Thomas. Kardinali Wolsey ni Thomas. More ni Thomas. Askofu Mkuu Cranmer ni Thomas. Baba yake Anne ni Thomas. Mtawala wa Norfolk naye ni Thomas. Sikumlaumu mwandishi, maana ndivyo walivyobatizwa. Mwanzoni mwa kitabu ameweka orodha ya watu na mti wa ukoo wa kifalme. Usione aibu kurudi kwenye orodha hiyo, hata ukiwa umefika katikati ya kitabu. Mbona tunairudia ile orodha ya wafalme wa Israeli na wa Yuda iliyo nyuma ya Biblia zetu, na Yeroboamu wako wawili!

Nilipoizoea lugha, nikaona nimewekwa mahali ambapo chuo hakikuniweka: chumbani, karibu na mlango, pamoja na watumishi. Mfalme anaonekana kwa macho ya mtu aliyelazimika kuusoma uso wake kila asubuhi ili ajue kama leo atakula au ataliwa. Kuna usiku mmoja wa sikukuu ya Krismasi ambapo Henry anaota ndoto. Amemwona kaka yake marehemu, Arthur, na anatetemeka: je, amekuja kumdai kiti chake na mke wake? Cromwell anaitwa usiku huohuo, Cranmer naye yupo. Mtoto wa mhunzi anaifasiri ndoto mara moja, na tafsiri yake inampa mfalme kila alichokuwa akikitaka. Marehemu hajaja kudai kitu, amekuja kumwambia ndugu yake kwamba wakati wa kutawala kwa mkono wake mwenyewe umefika. Mfalme anapumua, na Cromwell anapanda ngazi.

Mlezi yeyote wa shule ya Jumapili ataona hapo nani amekosekana. Yusufu alipomfasiria Farao alimtajia miaka saba ya njaa. Danieli alimwambia Nebukadreza kwamba atafukuzwa kati ya watu na kula majani kama ng'ombe. Wafasiri hao walizungumza wakijua kichwa kinaweza kuanguka. Mantel hakuandika mahali popote kwamba Cromwell alikosea. Alimwacha azungumze, nami msomaji nikajikuta nimefurahi kwamba mzee wangu amepona usiku huo, kabla sijatambua nilichokuwa nakifurahia. Mahubiri yangemhukumu Cromwell tangu sentensi ya kwanza, na mimi nisingeujua urahisi ule wa kumwambia mkubwa anachopenda kusikia.

Nirudi kwenye aya ya Walawi. Mfalme alikuwa na shida moja: Kumbukumbu la Torati 25:5 inaagiza kinyume chake, kwamba ndugu wakikaa pamoja na mmoja akafa bila mtoto, ndugu yake amtwae mjane ili jina la marehemu lisifutike. Asiyetaka avuliwe kiatu mbele ya wazee na kutemewa mate. Basi wataalamu wakatumwa kila upande. Vyuo vikuu vya Ulaya vikaombwa maoni. Huko Italia hata marabi wa Kiyahudi waliulizwa sheria ile ya kurithi mjane ina uzito gani. Kanisa letu hapa Afrika Mashariki limekaa na swali hilo tangu wamisionari walipofika, wakakuta wajane wakirithiwa na wazee wakiuliza kwa nini jambo lililoagizwa na Musa liwe dhambi. Tofauti ni kwamba wazee wetu hawakuwa na jeshi la kuwalazimisha maprofesa. Na kuna kejeli nyingine ambayo hakuna mtunzi angethubutu kuibuni. Kabla ya Anne, Henry alikuwa na uhusiano na dada yake, Mary Boleyn. Kwa sheria za Kanisa za siku zile, jambo hilo lilikuwa kizuizi cha ndoa cha aina ileile aliyokuwa akimlalamikia Catherine. Dhamiri yake haikusumbuka. Aliomba ruhusa kwa Papa, na mambo yakaendelea.

Ndugu zetu Wakatoliki wamezoea kututania kwamba kanisa letu lilianzishwa na mfalme aliyetaka mke. Mzaha huo una ukweli wa kutosha kuuma, nasi tusiukimbie. Lakini aliyekata uhusiano na Roma mwaka 1534 hakugeuka kuwa Mprotestanti wa vitabuni. Mwaka 1521 alikuwa ameandika kitabu cha kumpinga Luther, Papa akampa jina la Mtetezi wa Imani, na misa ya Kilatini iliendelea mpaka Henry alipokufa mwaka 1547. Kitabu cha Sala kwa Kiingereza, baba wa kile tunachokishika mkononi kila Jumapili, kilikuja 1549, chini ya mwanawe. Kilichotufikia sisi katika miaka ile ya Henry ni amri moja ya Cromwell ya mwaka 1538, kwamba kila parishi iwe na Biblia kubwa ya Kiingereza, iwekwe mahali ambapo waumini wataifikia na kuisoma. Miaka miwili nyuma William Tyndale, aliyefasiri sehemu kubwa ya maneno yaliyokuwemo, alinyongwa na mwili wake kuchomwa moto huko Vilvoorde. Nikifikiria jinsi Biblia ya Kiswahili ilivyotufikia, kazi ya miaka mingi ya watu wengi, huwa napata shida kumchukia moja kwa moja yule mtoto wa mhunzi. Riwaya imenizidishia shida hiyo.

Sasa nije kwenye neno ambalo limenifanya niandike tafakari ya wiki hii.

Katika Juni 1529, kwenye mahakama ya Blackfriars mjini London, Malkia Catherine aliitwa kwa jina lake. Hakujibu kama washitakiwa wanavyojibu. Alivuka ukumbi, akapiga magoti mbele ya mumewe, akajitetea kwamba alimjia akiwa bikira na kwamba amekuwa mke mwaminifu, kisha akasimama, akatoka nje. Wakamwita tena, hakurudi. Tunalijua tukio hilo kwa sababu waliandika waliokuwa na sababu ya kuandika, akiwemo George Cavendish, mtumishi wa Kardinali Wolsey. Lakini Catherine alirudi wapi baada ya mlango kufungwa? Alisema nini na wanawake wake? Usiku ule alikula? Hapo kumbukumbu zinanyamaza, na hapo ndipo mtunzi wa riwaya anapoanza kazi. Mantel alikuwa na kanuni aliyoitaja hadharani: yuko tayari kubuni yaliyomo moyoni mwa mtu, ila hageuzi kwa makusudi jambo linalojulikana. Kisha, na hili ni muhimu kuliko kanuni yenyewe, kitabu chake kimejitangaza kuwa riwaya. Msomaji anajua ameshika nini.

Hata hivyo watu waligombana. Thomas More wa Mantel ni mtu mkali, anayewawinda wazushi na kuwafanyia mkewe na wageni wake mzaha mchungu mezani. Nusu karne kabla yake, mwaka 1960, Robert Bolt aliandika tamthilia A Man for All Seasons, na More wake ni mwenye haki asiyeyumba. Roma ilimtangaza More mtakatifu mwaka 1935. Ukweli wa kumbukumbu unawabana watunzi wote wawili: More alikuwa Chansela wakati watu walipochomwa moto kwa ajili ya imani yao, na More alikatwa kichwa tarehe 6 Julai 1535 kwa sababu hakutaka kuapa kinyume cha dhamiri yake. Kila mmoja alichagua mwanga wa kumwekea. Mimi nimemaliza Wolf Hall nikiwa bado namheshimu More, na nadhani Mantel alimbana kupita kiasi. Lakini siwezi tena kumtaja madhabahuni bila kukumbuka moto ule.

Je, sisi wahubiri tunatofautianaje na watunzi hawa? Chukueni 2 Samweli 11. Kila mtu anajua jinsi Bath-sheba alivyopanda juu ya dari kuoga akijua mfalme atamwona. Tumelisikia katika mikutano ya injili, katika semina za akina mama, katika mafundisho ya wachumba. Sasa fungueni Biblia. Aliyekuwa juu ya dari ni Daudi. Aliamka kitandani jioni, akatembea juu ya nyumba ya mfalme, na kutoka huko akaona mwanamke anaoga. Mwanamke alikuwa wapi? Haikuandikwa. Alijua anatazamwa? Haikuandikwa. Kilichoandikwa ni kwamba mfalme alituma watu wakamtwaa, na kwamba alikuwa akijitakasa kwa mujibu wa sheria. Katika sura nzima maneno ya Bath-sheba ni ujumbe mmoja mfupi kwa mfalme, kwamba ana mimba. Mumewe alipouawa, alimwombolezea. Sura inafungwa kwa kusema kwamba jambo baya machoni pa Bwana ni lile alilolifanya Daudi.

Yote yaliyozidi hapo tumeyatunga. Tumempa Bath-sheba nia, tumempa tabasamu, tumemchagulia hata nguo, kisha tukasema “Biblia inasema.” Vizazi vya mabinti vimekaa kwenye mabenchi yetu vikijifunza kutoka kwenye riwaya ambayo jalada lake limeng'olewa. Mtunzi wa Uingereza anayeandika waziwazi kwamba amebuni amekuwa mwaminifu kuliko mhubiri anayebuni akiwa amevaa kanzu nyeupe na stola.

Wengine watasema nabii Nathani naye alisimulia hadithi, ile ya tajiri aliyemnyang'anya maskini mwana-kondoo wake, na kwamba Bwana wetu alisema kwa mifano. Hilo tumelisikia mara nyingi nami sitalirefusha. Nitasema tu kwamba katika hadithi ya Nathani mwana-kondoo hana kosa lolote. Hakujipitisha mbele ya tajiri. Alichukuliwa. Nabii aliyetumwa na Mungu alibuni kwa uangalifu kuliko sisi tunaofafanua.

Tena Maandiko yenyewe yametuachia nafasi ya kulinganisha. Fungua 1 Mambo ya Nyakati 20. Inaanza kama 2 Samweli 11 inavyoanza: wakati wafalme wanapotoka kwenda vitani, Yoabu anakwenda Raba, Daudi anabaki Yerusalemu. Kisha mji unatekwa, taji linavikwa, habari imekwisha. Bath-sheba hayumo. Uria hayumo. Mwandishi wa Nyakati alikuwa akiandika habari za hekalu na uzao wa Daudi, na jioni ile haikuingia kwenye kazi yake. Mwandishi wa Samweli aliingia chumbani. Kanisa limevitunza vitabu vyote viwili, na Mathayo alipoandika ukoo wa Yesu alimtaja mama yake Sulemani kuwa ni mke wa Uria. Angeweza kuandika jina lake tu, yakaisha. Uria alikuwa amekufa miaka elfu moja nyuma, na bado Mathayo hakukubali asahaulike.

Kusimulia habari za wafalme kwa kujazia yaliyokosekana si jambo la Wazungu peke yao. Mwaka 1728 kule Pate, Mwengo wa Athumani alitunga Utenzi wa Tambuka, vita vya Waislamu wa mwanzo dhidi ya Herekali, mfalme wa Rumi. Aliyasimulia mambo ya zaidi ya miaka elfu moja kabla yake, na mashujaa wake wanasema na kupigana kama aliyewaona. Mwalimu Nyerere, nchi ikiwa bado changa mikononi mwake, alitafsiri tamthilia ya Shakespeare juu ya Julius Caesar, ikachapishwa mwaka 1963. Sijui rais gani mwingine angekaa na hadithi ya mtawala anayeuawa na rafiki zake akiitafutia maneno ya Kiswahili!

Kuna kasri moja ya karibu na sisi ambayo ningependa itazamwe kwa jicho la Mantel. Mwanga alipotawazwa kuwa Kabaka wa Buganda mwaka 1884 alikuwa na miaka 16 hivi, mdogo kuliko Henry alipopata ufalme. Mwaka uliofuata Askofu James Hannington aliuawa Busoga akiwa njiani kwenda kwake. Joseph Mukasa Balikuddembe, mtumishi wa ngazi ya juu katika kasri, alimkemea mfalme kwa kifo hicho, naye akauawa Novemba 1885. Tarehe 3 Juni 1886 vijana wa kasri, Wakatoliki na Waanglikana, wakachomwa Namugongo. Sisi tunawaadhimisha kila mwaka na ni haki kuwaadhimisha. Lakini habari zao tumezipokea zaidi kutoka kwa wamisionari na waongofu wao, na katika habari hizo Mwanga ni moto tu, hana utoto wala hofu wala washauri waliomnong'oneza kwamba wageni watatoka mashariki wamnyang'anye nchi. Nchi yake ilichukuliwa kweli, na yeye mwenyewe alifia uhamishoni Shelisheli mwaka 1903. Mtunzi atakayeingia chumba kile hatawapunguzia mashahidi taji lao. Atatuonyesha Mukasa alikuwa akizungumza na nani, na ushujaa wake utaonekana ukubwa wake.

Hatari ipo pia, nami sitaificha kwa kuwa nimekipenda kitabu. Riwaya nzuri hushika kuliko historia. Mtu akishaona uso wa Anne Boleyn kama Mantel alivyomchora, ni vigumu kumwona kwa namna nyingine, ingawa mengi ya maisha yake hayakuhifadhiwa na hata mwaka aliozaliwa wataalamu wanabishania. Kwa hiyo nimejiwekea desturi. Nikifika mahali moyo unapokwenda mbio, nasimama kuuliza: hili aliandika mtu aliyekuwepo, au amenipa mtunzi? Kisha naendelea kusoma, maana sitaki kukiharibu chakula kwa kuhesabu chumvi. Desturi hiyohiyo naomba muitumie juu yetu Jumapili. Kasisi akisema “Bath-sheba alifikiri,” mzee wa kanisa amfuate baada ya ibada, kwa heshima, amwombe mstari.

Somo la Jumapili ijayo ni 1 Wafalme 1. Lisomeni kabla, na msiliharakishe. Daudi ni mzee, hapati joto hata akifunikwa nguo. Adonia amejitangaza mfalme. Nathani anampangia Bath-sheba la kusema, naye anaingia chumbani, anainama, na safari hii anazungumza kwa kirefu, maneno ya mama anayejua kwamba kesho yeye na mwanawe wanaweza kuuawa. Ni Bath-sheba yuleyule wa ujumbe mfupi. Katika mstari wa 15 mwandishi anataja, kwa nusu ya sentensi, kwamba Abishagi Mshunami alikuwa akimhudumia mfalme. Yumo chumbani wakati wote huo. Ni msichana aliyetafutwa nchi nzima kwa uzuri wake ili ampashe joto mzee. Amesikia mpango wote wa kumpata mrithi. Na katika sura ya pili Adonia atauawa kwa sababu ya kumtaka awe mkewe. Hasemi neno hata moja, mwanzo hata mwisho.

Vijana wa kwaya wanaopenda kuandika nimewapa kazi. Waniletee kurasa mbili za Abishagi saa ile, baada ya Bath-sheba kutoka na Nathani kuingia. Wasome sura zote mbili kwanza, wasigeuze lililoandikwa, na juu kabisa ya karatasi, kabla ya jina lao, waandike kwa herufi kubwa: HADITHI. Karatasi zipelekwe kwa katibu wa mtaa kabla ya Ijumaa jioni, na itakayochaguliwa itasomwa baada ya matangazo, siyo wakati wa mahubiri.